Kokwa za tende na trei mbili za mayai: kisa cha mzee, ludo ya simu na bao la mbali, mwaka 2020

Majina na kazi za wahusika, na umri kamili wa mzee, zimeondolewa. Tarehe za amri za serikali zimebaki kama zilivyokuwa, maana bila hizo mfululizo wa kisa haueleweki.

Usuli

Mhusika mkuu ni mzee wa miaka 70 na ushei, mjane, anayekaa ghorofani katika nyumba ya zamani Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na binti yake na wajukuu wawili: msichana wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9. Mdogo wake yuko Muscat tangu miaka ya 1970, wakati familia nyingi zenye asili ya Oman zilipoondoka Afrika Mashariki. Mwanawe wa kiume yuko Uingereza na mkewe na watoto watatu.

Hadi Machi 2020 siku ya mzee ilikuwa na nguzo moja, nayo ni baraza. Baada ya Alasiri anashuka ngazi, anakaa mahali pake, na hatoki mpaka adhana ya Magharibi. Pale pana bao la mti, ubao wa ludo uliofunikwa kioo, dadu mbili ndani ya kikombe cha plastiki, na muuza kahawa anayepita akigonganisha vikombe vyake. La kuzingatia ni kwamba mzee hakuwa akicheza kila siku. Siku nyingi alitazama tu, akatoa maoni, akamsuta aliyecheza vibaya, akaulizwa habari za meli na mazishi. Hili halikuonekana kuwa na uzito wakati ule, na familia ililigundua baada ya wiki kadhaa.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi. Kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza tarehe 27 Machi. Kuingia na kutoka Mombasa kulizuiwa tarehe 8 Aprili, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, kama Eastleigh kule Nairobi. Misikiti ilikuwa imefungwa, baraza halina mtu. Ndani ya wiki mbili binti aliona mabadiliko: baba yake analala mchana, anakesha usiku, anaacha chakula nusu, na kila mara anauliza ni saa ngapi.

Jaribio la kwanza: ludo ya simu

Mjukuu wa miaka 14 ndiye aliyetoa wazo. Wakati huo ludo ya simu ilikuwa imetapakaa dunia nzima. Ludo King, iliyotengenezwa Mumbai na kutoka mwaka 2016, ilipata wachezaji wengi ajabu watu walipofungiwa majumbani, na programu za kuigiza mfano wake zilikuwa tele. Mchezo wenyewe ni wa Kihindi kwa asili, pachisi, uliopunguzwa na kusajiliwa Uingereza mwaka 1896 kwa jina la ludo. Kwa hiyo kuurudisha kwa mzee kupitia simu kulionekana jambo la kawaida kabisa.

Walichagua programu inayoruhusu meza ya faragha: mmoja anafungua chumba, anapewa namba, anaituma kwa WhatsApp, wengine wanaingia kwa namba hiyo. Meza ilikuwa ya wanne: mzee, mdogo wake Muscat, mwanawe Uingereza na mjukuu. Simu ya mzee ilikuwa ya bei ya chini, yenye kumbukumbu ya kazi (RAM) ya gigabaiti moja.

Siku ya kwanza kila mtu alifurahi. Siku ya nne mzee aliweka simu mezani akasema, "Hii si ludo. Hii mashine inacheza peke yake." Alikuwa na haki, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu wengi waliojaribu njia hii na wazee walikwama mahali pale pale.

Kwanza, programu ilikuwa na saa ya zamu. Sekunde zikiisha inakuchezea yenyewe, na ukichelewa mara kadhaa inakuhesabu umetoka. Mzee hutafuta miwani, huitazama meza yote, halafu ndipo ainue mkono. Katika michezo mitatu ya mwanzo zamu nyingi zilichezwa na simu, si na yeye.

Pili, sheria hazikuwa za baraza lake. Pale baraza la mtaani hucheza dadu mbili. Programu ina moja. Pale, kete mbili za rangi moja zikikaa pamoja hakuna apitaye mpaka mwenyewe atawanye. Mzee alitumia raundi nne kuweka kete zake mbili mbele ya mlango wa mwanawe, na kete ya mwanawe ikaruka juu yake kama hapana kitu. "Amepita vipi?" aliuliza, na hapakuwa na wa kumjibu, kwa sababu programu haibishani.

Tatu ni ukimya. Baraza lina kelele, na dadu zina mlio wake ndani ya kikombe. Kwenye simu palikuwa na vikatuni vya kucheka na kulia, na tangazo la biashara baada ya kila mchezo. Mara mbili mzee aligusa tangazo akidhani ndiyo dadu, akajikuta dukani.

Kuongeza sauti

Familia iliamua kwamba tatizo ni ukimya, kwa hiyo wapige simu ya pamoja huku wakicheza. Hapo vikazuka vikwazo vya kiufundi ambavyo vinafaa kuorodheshwa kwa anayetaka kujaribu leo.

WhatsApp wakati huo iliruhusu watu wanne tu katika simu moja. Ilipandisha hadi wanane mwishoni mwa Aprili 2020. Lakini kikwazo kikubwa kilikuwa Oman, ambako simu za sauti na video za WhatsApp zilikuwa zimezuiwa. Ujumbe wa maandishi, picha na sauti zilizorekodiwa zilipita bila shida. Simu yenyewe haikupita. Wakahamia Zoom, iliyokuwa ikifanya kazi Muscat. Akaunti ya bure ya Zoom wakati huo ilikata mkutano wa watu watatu na zaidi ikifika dakika 40, na mchezo wa ludo wa watu wanne mara nyingi huzidi hapo. Walikatwa katikati ya mchezo siku tatu mfululizo.

Halafu simu ya mzee. Kumbukumbu ya gigabaiti moja haitoshi kubeba Zoom na mchezo kwa pamoja. Mfumo wa simu huua programu iliyo nyuma ili kunusuru iliyo mbele, kwa hiyo kila mzee alipofungua ludo, mazungumzo yalikatika, na aliporudi kwenye mazungumzo, ludo ilianza upya kutafuta mtandao. Dawa ilikuwa simu mbili: ya binti kwa mazungumzo, imelazwa mezani ikiwa kwenye spika, video imezimwa, ya mzee kwa mchezo pekee. Kuzima video ndiko kulikookoa bando. Sauti tupu hula sehemu ndogo tu ya data inayoliwa na video, na binti alikuwa akinunua bando la siku kwa siku.

Kwa mpangilio huu mambo yalitengemaa kwa siku kama kumi. Kisha Ramadhani ikaingia.

Ramadhani: mambo mawili kwa mpigo

La kwanza lilikuwa saa. Muscat iko mbele ya Mombasa kwa saa moja, na Uingereza katika majira yake ya joto iko nyuma kwa saa mbili. Mapema Mei jua Uingereza huzama kama saa mbili na nusu usiku, ambayo Mombasa ni saa nne na nusu usiku na Muscat ni saa tano na nusu. Wa Mombasa na Muscat walikuwa wameshafuturu, wameshaswali tarawehe nyumbani, wana nafasi. Wa Uingereza walikuwa bado wamefunga, mama yuko jikoni, watoto wamechoka. Waliweka meza saa tatu na nusu usiku ya Mombasa, yaani saa moja na nusu jioni kule, ili wa Uingereza wapitishe saa ya mwisho ya kungoja futari. Kwa watoto wale ilikuwa burudani kubwa. Kwa mama yao ilikuwa ni kuachiwa sambusa na mumewe saa ile ile anapohitaji mkono wa pili. Wiki moja ilitosha, na alikuwa na sababu.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mdogo wake mzee alituma ujumbe wa adabu: "Kaka, mwezi huu mimi dadu naziweka kando." Mchezo wa dadu una makatazo yake katika Uislamu, na wengi wanaoufumbia macho mwaka mzima hawataki kuushika Ramadhani. Mzee hakubishana. Binti alihofia kwamba kila kitu kimekwisha.

Bao la mbali

Uamuzi uliobadilisha kisa hiki ulitoka kwa mzee mwenyewe. Alisema bao halina dadu, na kwamba bao lile la barazani liko kwa jirani. Lililetwa mlangoni na kufutwa kwa maji ya sabuni siku chache kabla Mji wa Kale haujafungwa. Kwa nini wasicheze bao la programu? Zipo, lakini mzee alikataa baada ya jaribio moja: programu husambaza kete yenyewe kwa kasi, na mchezaji wa bao hutaka kuzishika, azihesabu kwa vidole. Wakaamua kila ndugu awe na bao lake, na simu ibebe maneno na picha tu.

Muscat hakukuwa na bao. Wanawe walikata trei mbili za mayai. Trei ya mayai 30 ina vishimo 5 kwa 6; kata kipande cha 4 kwa 4 kutoka kila moja, viunganishe kwa gundi, una safu 4 za mashimo 8. Kete 64 zilikuwa kokwa za tende zilizooshwa na kuanikwa, ambazo Ramadhani hazikosekani. Mombasa walikuwa na komwe za kawaida. Kila upande ulipangwa kama ilivyo kwa bao la Kiswahili: 6 katika nyumba (shimo maalumu la safu ya mbele), 2 na 2 katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi.

Kanuni za kutuma zilichukua siku tatu kukaa sawa. Hizi ndizo zilizodumu:

1. Mashimo ya mbele huhesabiwa 1 hadi 8 kuanzia kushoto kwa mwenye zamu. Ya nyuma vilevile, lakini hutanguliwa na neno "nyuma".
2. Kushoto na kulia ni kwa mwenye zamu, hata anayesikiliza akiwa upande wa pili.
3. Ujumbe una vitu vitatu: shimo, kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia) anachoanzia kusambaza, na kama kete ya mwisho imefika nyumba, analala (anaishia hapo) au anasafiri (anazisambaza kete za nyumba). Mfano: "Nanamua tatu, kichwa cha kulia, nasafiri." Kunamua ni kuingiza kete ya mkononi shimoni.
4. Baada ya maneno, picha ya bao kutoka juu. Anayepokea hucheza mwendo wote kwa mkono wake kwanza, kisha hulinganisha na picha.
5. Vikipishana, wanarudi kwenye picha iliyopita. Hakuna anayerekebisha kimoyomoyo.

Makosa ya siku za mwanzo yalikuwa ya aina tatu. La kwanza, kuchanganya mashimo yanayotazamana. Mjukuu ndiye aliyepata njia: shimo langu na linalotazamana nalo kwa mwenzangu, namba zake zikijumlishwa lazima zitoe 9. Tatu inatazama sita, nne inatazama tano. Akaibandika karatasi hiyo ukutani. La pili, baada ya kula, kete ya kwanza huwekwa kwenye kichwa chenyewe, na vijana wa Muscat waliokuwa wakimsaidia baba yao walianzia shimo linalofuata. Kosa la kete moja hapo huharibu mzunguko mzima, maana mwendo mmoja wa bao unaweza kuzunguka mara tatu au nne kabla ya kulala. La tatu, picha: kishimo cha trei ni chembamba na kirefu, kokwa zikipita sita hazihesabiki kutoka juu. Wakaanza kuweka kijikaratasi chenye namba kando ya shimo lililojaa. Pia walibandika utepe mwekundu ukingoni upande wa mzee, ili picha ikija imepinduka ijulikane upande upi ni wa nani.

Ukaguzi wa haraka ni hesabu ya 64: zilizo baoni kwa pande zote mbili, jumlisha zilizobaki mikononi. Ikitoka 63, kokwa moja iko chini ya zulia.

Kilichotokea

Mchezo mmoja ulichukua siku mbili hadi tatu. Hapana saa ya zamu. Mzee alipokea mwendo baada ya daku, akaufikiria mpaka Adhuhuri, akajibu. Hapo ndipo jambo lisilotarajiwa lilipojitokeza. Mzee haandiki, kwa hiyo alituma sauti. Sauti za mwanzo zilikuwa za sekunde kumi. Baada ya wiki zilikuwa za dakika tatu: mwendo kwanza, kisha kejeli kwa mdogo wake, kisha nani amefariki mtaani, kisha bei ya mchele, kisha swali kuhusu mtu waliyesoma naye chuoni. Mdogo wake alijibu kwa urefu uleule. Mjukuu alikuwa karani: anacheza sauti, anasogeza kete, anapiga picha, anaandika mwendo daftarini. Kwa njia hiyo alijifunza istilahi za bao, namu, mtaji, takata na kimbi, bila mtu kukaa kumfundisha. Yule wa miaka 9 alipewa kazi ya kuhesabu 64.

Usingizi wa mchana ulipungua, na mzee aliacha kuuliza saa. Hatudai kwamba bao ndilo lililomtibu. Idi ya tarehe 24 Mei ilikuja, na mwili huzoea. Lakini binti aliona kwamba siku mtandao ulipokuwa mbovu, hali ya Machi ilirudi.

Ludo ya simu haikufa. Ilibaki ya watoto: wajukuu wa Mombasa na binamu zao wa Uingereza waliendelea nayo baada ya Ramadhani, kila Jumamosi, na kwao saa ya zamu na vikatuni vilikuwa ndiyo raha yenyewe.

Uchambuzi

Neno la kitabibu la hamu ya zamani, "nostalgia", lile ambalo lugha za Ulaya zimelirithi, lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu, kwa ajili ya ugonjwa wa kukosa nyumbani. Lilihusu mahali kabla ya kuhusu wakati. Kisa hiki kinasomeka vizuri zaidi kwa maana hiyo ya kwanza. Familia ilidhani mzee anatamani mchezo wa ujana wake, ikampa mchezo. Alichokikosa ni pahali penye watu wanaongoja zamu, na maneno yanayojaza kule kungoja. Ludo ya simu ilikuwa imeondoa kungoja ikidhani ni kasoro. Bao la mbali, kwa sababu ya uzito wake na ubovu wa njia zake, lilirudisha kungoja huko.

Kwa hiyo swali la kuanzia halipaswi kuwa "alikuwa akicheza nini?" Binti angeulizwa baba yake alifanya nini barazani siku ambazo hakucheza, jibu lingepatikana mwezi mmoja mapema. Mtu anayetazama na kusuta zaidi ya kucheza hafaidiki na programu inayompa zamu kila dakika.

Simu mbili zilikuwa uamuzi bora wa kiufundi katika kisa kizima, na familia iliuchelewesha kwa sababu kila mmoja alilaumu mtandao. Ukiona mazungumzo yanakatika kila mchezo unapofunguka, na yanarudi unapofungwa, tatizo ni kumbukumbu ya simu. Kubadilisha bando hakutasaidia.

Pingamizi la dadu lilishughulikiwa vizuri, kwa kutoshughulikiwa. Hakuna aliyetafuta fatwa wala kumwita mdogo mtu mwenye msimamo mkali. Heshima hiyo ndiyo iliyoacha nafasi kwa bao.

Kilichoshindikana waziwazi ni upande wa Uingereza. Mwana alibaki kando ya bao. Hakulijua vya kutosha, na mpangilio wa ndugu wawili haukuwa na kiti cha tatu. Alikuwa akisikilizishwa sauti za baba yake kwa kutumiwa na mjukuu, zimekwisha pita. Angeweza kupewa nafasi ya mtazamaji tangu mwanzo, kundi la watu watatu badala ya mazungumzo ya wawili, na asute kama mtazamaji yeyote wa baraza.

Kosa la mwisho lilionekana baadaye. Mji wa Kale ulifunguliwa mapema Juni, Mombasa tarehe 7 Julai, na watu wakaanza kurudi barazani, wachache, na barakoa kidevuni. Bao la mti likarudi mahali pake, na mzee nalo. Kila mtu nyumbani alishukuru. Muscat, trei ya mayai ilikuwa mezani na mchezo katikati, zamu ya Mombasa. Mdogo wake alikuwa ameishi zaidi ya miaka 40 bila baraza, na miezi ile miwili ya kufungiwa ndiyo iliyokuwa imemrudishia. Hakuuliza. Alisubiri mwendo wiki tatu, mpaka mjukuu alipofungua simu akitafuta picha nyingine, akakuta sauti mbili ambazo hazijasikilizwa. Tangu hapo mzee hupanda ghorofani Ijumaa baada ya Alasiri, na bao la mti hubebwa juu pamoja naye.